Mfuko wa Katani Niliokwenda Nao Sokoni

Sikuona kwamba soko limenyamaza.

Ninalitanguliza kosa hilo, ndugu zangu, ili msije mkanionea huruma mapema. Siku tano mfululizo nilipita katikati ya watu waliofumba midomo kila nilipokaribia, nami nikadhani wananistahi!

Siku ya sita, Mama mkwe akanipasulia mfuko kwa mkasi. Mbele ya watu!

Nilikuwa nimesimama kwenye meza ya Shangazi A-khuan, muuza samaki. Mama akatokea kama aliyeota kutoka ardhini, akauchukua mkasi wa kukatia mapezi, akaushika mfuko wangu ungali begani... khraaa! Kutoka juu hadi chini.

Tangawizi, tofu, mapera, vyote chini, kwenye maji ya samaki.

"Mama! Una wazimu?"

"Nipe na hizo kamba."

"Watu wanatazama!"

"Wametazama siku tano. Leo angalau wana cha kutazama."

Akakusanya vipande kimoja kimoja, akavikunja.

"Twende nyumbani, Chiung-hui. Nina neno nawe."

Ningekwenda, simulizi hii isingekuwepo. Lakini mimi ni mhadhiri wa chuo kikuu. Nilijifuta sketi, nikamjibu kwa sauti ya kutosha meza kumi:

"Sina la kuambiwa na mtu anayekusanya takataka!"

Akavitia vile vipande kwapani. Nami nikaondoka nimeinua kichwa... kama tausi aliyesahau miguu yake.

Sasa niwaeleze takataka zenyewe.

Nyuma ya mlango wa jiko letu hapa Tainan palining'inia mifuko ya sokoni thelathini na minne. Mama ana hisa moja moja katika makampuni chungu nzima. Hisa hizo hazimpatii faida ya kununulia hata kitunguu, lakini kila mwaka makampuni huwapa wenye hisa zawadi, na zawadi yenyewe mara nyingi ni mfuko. Basi kila msimu Mama hupanga foleni tangu asubuhi, hurudi na mifuko yake kama jemadari aliyeteka nyara.

Mimi nafundisha sayansi ya nyuzi. Najua uzi upi hukatika, kwa uzito gani, baada ya kukunjwa mara ngapi. Niliibeba mifuko yote hadi maabara, nikaijaza matofali, nikaitundika. Wa kampuni ya bima ulifumuka kwa kilo nne. Wa saruji, kilo saba. Wa saruji! Nilicheka peke yangu.

"Mama yako anahifadhi matangazo yenye mikono," nilimwambia Tsung-han, mume wangu.

"Yanamfurahisha," alisema.

"Hata mtoto hufurahia kokoto."

Mfuko mmoja sikuupima: ule anaoutumia mwenyewe kila siku, wa nyuzi za nailoni zilizofumwa kama wavu, wenye mistari myekundu, kijani na samawati, unaonuka samaki wa mwatiko hata ukiwa mtupu. Mtu hapimi kitu alichokwisha kukidharau.

Nikachagua wangu kwa vipimo. Katani mbichi, isiyotiwa rangi. Kingo hazikukunjwa wala kushonwa, nyuzi zikaachwa zining'inie kwa urembo. Kamba zake zilikuwa za majani makavu ya mpunga, yaliyosokotwa kwa mkono. Kilo thelathini na sita bila kulalamika! Nikanunua miwili.

Wakati huo Baba mkwe alikuwa amelazwa. Kilango kimoja cha moyo wake kilikuwa kimechoka, na bila upasuaji, daktari alisema, asingeiona sikukuu ya mwezi mpevu wa vuli. Alikuwa akiogopa kisu kuliko kifo. Tulimbembeleza wiki tatu mpaka akatia sahihi karatasi ya kukubali. Upasuaji ulipangwa Alhamisi. Mama alilala naye wodini kila usiku, ndiyo maana sokoni nilikwenda mimi.

Siku ya kwanza Shangazi A-khuan aliutazama mfuko, kisu kikasimama katikati ya samaki.

"Mwalimu... umeanza lini?"

"Leo hii, Shangazi."

"Hata hatukuambiwa!"

"Si jambo la kutangaza. Mtu hubadilika kimyakimya."

"Na Mama mkwe wako anaendeleaje?"

"Yeye bado yuko kwenye mambo yake ya kale. Atazoea."

Akaiweka chenji juu ya meza, akaisukuma kwa ncha ya kidole, kana kwamba mkono wangu una moto.

Kesho yake, kimya. Yule Shangazi aliyezoea kunitania, "Mwalimu, leo unampikia mumeo au unamsomea kitabu?" hakutoa neno. Wauza mboga wakanijazia vitunguu vya majani mara mbili ya kawaida. Waliinama, wakauma midomo, wengine wakajifanya wanatafuta kitu chini ya meza.

Nikajiambia: hatimaye watu hawa wameuona mfuko wa maana!

Nilipotoka sokoni siku ile ya mkasi, nilipitia nyumbani, nikachukua mfuko wa pili. Makusudi! Nikaujaza mapera, nikaenda nao hospitali, nimwoneshe Mama kwamba mkasi haushindi elimu.

Mama alikuwa hajafika. Baba alikuwa ameketi kitandani, anakunywa uji wa wali.

Aliuona mfuko. Kijiko kikasimama.

"Chiung-hui... sogeza hapa."

Nikauweka juu ya shuka lake. Juu ya miguu yake, ndugu zangu! Akaupapasa ukingo usioshonwa, akaifuata kamba kwa kidole hadi mwisho.

"Umeutengeneza wewe?"

"Nimeununua, Baba. Imara mno! Huu utatuzika sote."

"Mimi kwanza," akasema.

Nikadhani anatania. Nikacheka!

Akabonyeza kengele. Muuguzi akaja.

"Binti, nirudishie karatasi yangu. Sipasuliwi."

"Mzee, si tulikubaliana?"

"Tulikubaliana nikiwa na watu wanaonitaka. Mtu ambaye mkwe wake ameshavaa katani, daktari wa nini?"

Akageukia ukuta.

Nilisimama pale na shahada zangu tatu. Mama akaingia. Aliutazama mfuko juu ya kitanda, akanitazama mimi, na kwa mara ya kwanza nikaona macho yake yamechoka. Akatoa vile vipande vilivyokatwa, akaviweka mikononi mwangu.

"Nimekivaa kitambaa hiki mara mbili," akasema taratibu. "Nilipomzika baba yangu, na nilipomzika mama yangu. Katani mbichi. Kingo hazishonwi, kwa sababu mwenye msiba mzito hana moyo wa kushona. Na kiunoni, kamba ya majani ya mpunga. Huvaa mtoto wa marehemu, na mke wa mtoto."

Mke wa mtoto. Yaani mimi.

Wazazi wangu wako hai, na mazishi yote niliyohudhuria watu walivaa joho jeusi la kukodi. Nilijua katani hukatika kwa kilo ngapi. Nani huivaa, na lini, sikuwahi kuuliza.

"Kwa nini hukuniambia, Mama?"

"Nilikuja kukwambia. Ukaniambia nakusanya takataka."

Ningelia, lakini machozi yangu yangemthibitishia Baba matanga yake. Niliutwaa mfuko, nikamwaga mapera juu ya kiti, nikautandaza mlangoni, nikapangusia viatu. Kushoto. Kulia.

Wodi nzima ikanyamaza. Safari hii niliusikia ukimya.

Baba aligeuza shingo kidogo.

"Kisigino," akasema.

"Ndiyo, Baba?"

"Bado kisigino. Hukusugua."

Nikasugua.

"Hapo sasa umepata kazi yake. Mwalimu mzima, hajui kutofautisha mfuko na msiba!" Kifua kikamtikisika kwa kicheko hadi muuguzi akatazama mashine. "Nitatia sahihi. Lakini kesho uende sokoni, meza kwa meza, useme kwa kinywa chako kwamba mimi ni mzima na ninakula. Na uende na mfuko wa mke wangu."

Asubuhi nikaubeba mfuko wa mistari, unanuka mwatiko. Nikaanzia kwa Shangazi A-khuan, nimeshaandaa maneno.

"Shangazi, Baba mkwe ni mzima. Mimi ndiye..."

"Tunajua, Mwalimu."

"Mnajua? Tangu lini?"

"Tangu siku ile ile ya kwanza! Nilimpigia Mama mkwe wako simu kumpa pole, nalia. Akaniambia, 'Pole ya nini? Mtu huyu hapa ananigombeza kuhusu uji!'"

"Basi mbona mlininyamazia?"

Akafuta mikono kwenye aproni, akainama sikioni mwangu.

"Alipiga simu kila meza. Akasema: 'Mkwe wangu ni msomi, ana mengi kichwani, hili halikupata nafasi. Nitamweleza mwenyewe nikitoka wodini. Mtu asimwaibishe wala kumcheka. Muongezeeni vitunguu asishtuke. Akirudi nyumbani analia, mimi sinunui tena kwenu.' Mwalimu, tumeuma midomo siku tano! Yule wa tofu alijing'ata mpaka damu!"

"Na mkasi?"

"Jana asubuhi muuza majeneza alisikia uvumi, akaenda hadi wodini na kitabu chake cha picha. Bahati Mzee alikuwa amelala. Hapo ndipo Mama mkwe wako akaja mbio. Na wewe ukamwambia nini, mbele yetu sote?"

Nilikumbuka nilichomwambia. Meza kumi nzima zilikumbuka.

Ndugu zangu mnaopenda kuchagua kitu kwa vipimo, sikatazi. Pimeni uzi, pimeni mshono. Lakini kitu kinachobebwa mbele za watu kina uzito ambao matofali hayauoneshi, na anayeujua huenda ndiye yule unayemwona hajui.

Baba alipasuliwa Alhamisi, akapona. Mfuko wa katani tumeuweka mlangoni, tunafutia miguu. Ule wa mistari nimeupima hatimaye: matofali ya maabara yaliisha kabla haujakatika. Ninakwenda nao sokoni kila Jumamosi, nikiwa na Mama, na Shangazi A-khuan hunipa chenji mkononi.