Siku Saba za Ukimya wa Shangazi

Saa mbili na dakika kumi asubuhi, Jumatano, muuguzi wa zamu alifungua jokofu la damu la hospitali akapiga yowe. Mifuko mia mbili na kumi na minne ilikuwa vuguvugu kama maji ya kumwogesha mtoto. Jokofu lilizimika usiku na kengele haikulia hata mara moja. Ghorofa ya juu, mama mmoja alikuwa tayari kwenye meza ya upasuaji akisubiri damu hiyo hiyo. Ilikimbizwa nyingine kutoka hospitali ya jirani, akaponea tundu la sindano.

Kitengo cha kompyuta, kilichoandika programu ya kengele, kilipigwa na butwaa. Kazi ya kuzijaribu programu pale ilikuwa ya mwanamke mmoja wa makamo waliyemwita Bi Hakika, maana ukimwambia lolote atakuuliza, "Una hakika?" Mtu wa mwisho kuigusa programu ya kengele alikuwa wifi yake, mke wa mdogo wake.

Saa tatu alikuwa chumba cha jokofu na fundi wa majokofu.

"Waya umekatika?"

"Mama, nitukane mimi, waya wangu uuache." Fundi akagusanisha ncha mbili. Kengele ikalia mpaka wakaziba masikio. "Nzima kabisa. Haikuamriwa kulia, basi."

Kumbe jibu lilikuwa limeshapatikana ofisini. Pale walikuwa na programu inayokagua programu nyingine. Hupitia kila mstari na kulalamikia makosa ya kawaida kabla hayajaleta balaa. Waliipa jina la Shangazi, kwa kuwa haipitwi na kitu na haina aibu ya kusema. Kila siku saa moja na nusu asubuhi ripoti yake hutundikwa msumarini juu ya birika. Anayeongoza kwa malalamiko Jumatatu ndiye huwapikia wenzake chai wiki hiyo, awe nani.

Mkuu wa kitengo aliinua karatasi iliyochapwa muda huo huo. "Soma."

Bi Hakika akasoma. Malalamiko arobaini na manne, moja likiwa hili: faili la kengele, mstari usiofikiwa. Wifi yake alikuwa ameandika amri ya kumaliza kazi, kisha chini yake amri ya kulia. Ni sawa na kumwambia mlinzi aende nyumbani kwanza, halafu ndipo apige kengele.

"Shangazi alimwonya, akapuuza," mkuu alisema. "Saa nane mganga mkuu anakuja, na polisi baada yake. Na wewe kaa pembeni, huyo ni wifi yako."

Wifi alikuwa amejikunyata kitini, machozi yanamtiririka. "Wifi, mstari niliuandika mimi, Alhamisi iliyopita. Lakini Wallahi Shangazi hakuniambia kitu! Aliniambia safi."

"Una hakika?"

"Naapa kwa wanangu."

Bi Hakika akaenda kwenye birika, si kwa kiu, bali apate mahali pa kuficha uso. Hapo akaona msumari uko mtupu. Ripoti ya saa moja na nusu iko wapi? Akauliza mmoja mmoja; hakuna aliyeitoa. Akainua sinia la vikombe. Ripoti kuukuu hutandikwa chini yake kunyonya maji, na hakuna anayekumbuka kuzitupa. Alizibandua moja moja, zina madoa ya majani ya chai, akasoma mstari wa mwisho wa kila moja. Kisha akazipanga kwa tarehe.

Saa nane kamili mganga mkuu aliketi. Bi Hakika alitandaza karatasi zake mezani, akamgeukia mkuu wa kitengo.

"Mkuu, ripoti yako ya leo inasema Shangazi amekagua mafaili mangapi?"

"Mia moja na kumi na manane."

"Hizi ni za Jumatatu ya wiki iliyopita hadi jana. Siku saba za kazi. Zote zinasema tisini na saba. Za kabla ya hapo, mia moja na kumi na manane. Mafaili ishirini na moja yalifichwa, Shangazi akawa hayaoni. Leo, baada ya damu kuharibika, yamerudi."

"Yeyote angeweza kubadilisha," mkuu alisema. "Nywila tunatumia moja."

"Kweli. Ila yote ishirini na moja yako kwenye folda ya jokofu, kazi yako ya zamani. Wifi alipewa arekebishe moja tu. Na juu ya karatasi za kabla ya hapo, Jumatatu tatu mfululizo, anayeongoza ni wewe. Tangu yafichwe, jina lako halipo tena. Wiki tatu ulitupikia chai, mkuu. Ya nne hukupika."

Jasho lilimtoka mkuu. "Mlikuwa mnacheka," alisema polepole. "Siku ile wageni wamekuja, wamenikuta na sinia. Wakaniuliza mkuu wa kitengo yuko wapi! Nikayaficha mafaili, nikasema nitayafungua wiki ikiisha. Halafu nikaona nimepumzika."

"Chai?" Mganga mkuu alisimama. "Mama wa watu alikuwa tumbo wazi mezani kwangu, kwa sababu ya chai? Na ukataka kumfunga huyu binti?"

Mkuu wa kitengo alitoa mfukoni karatasi iliyokunjwa mara nne, ile ya saa moja na nusu, akaiweka mezani. Tisini na saba. Polisi walipofika waliondoka naye yeye.

Saa kumi wifi alirekebisha mstari wake. Walizima jokofu kwa makusudi, na kengele ikalia korido nzima. Aliporudi ofisini aliisoma ripoti ile ya arobaini na manne, sasa imetundikwa msumarini: mkuu, arobaini na matatu, wifi, moja, wengine, hakuna.

Akanyoosha mkono akachukua birika.

"Wewe, kaa," Bi Hakika alimwambia. "Leo hakuna anayekudai chai."

"Mkuu ameondoka, wifi. Anayefuata ni mimi." Akaenda kukinga maji.