Kawa la Bibi Tatu na Balbu Nyeupe

Maneno yale Batuli aliyasikia bombani, na tangu hapo hayakumtoka kichwani. Mina, rafiki yake, alikuwa akijitwika ndoo aliposema, "Nyinyi si mmeweka balbu za LED? Haya! Kuna bibi huko Msata zimempofua. Ule mwanga mweupe unakausha jicho kama dagaa juani."

"Umemwona wewe?"

"Nimeambiwa."

Batuli alicheka, lakini kicheko cha juujuu. Nyumbani kwao Zinga kulikuwa na mgonjwa wa macho. Bibi Tatu, mama yake baba, alikuwa ametoka Mkange kuja kutolewa mtoto wa jicho. Upasuaji ulikwenda vizuri. Batuli ndiye aliyemtia dawa ya matone asubuhi na jioni, na muuguzi alisisitiza kwamba bibi asikose kurudi kliniki.

Tatizo lilikuwa sebuleni. Magharibi ilipoingia na mama kuwasha balbu mpya, chumba kizima kiligeuka cheupe pe. Bibi alivuta kanga mpaka puani.

"Ashatu mwanangu," alimwambia mama, "hapa nimekaa kama samaki changu kwenye meza ya mnada. Hata makunyanzi yangu yanahesabika! Jumamosi nirudisheni Mkange, kwenye koroboi yangu."

"Na kliniki, mama?"

"Jicho ni langu."

Batuli alipoa. Huko Mkange hakukuwa na wa kumtia bibi dawa, na alijua bibi akishafika shambani kwake harudi. Jicho likiharibika, je?

Kesho yake alipotoka shule, mama akiwa bado sokoni, Batuli alipanda juu ya kiti akaivika balbu kipande cha kanga ya rangi ya chungwa, akakikaza kwa mpira mpaka kwenye shina. Taa ilipowashwa jioni, sebule ilipata rangi ya asali. Bibi akashusha kanga usoni.

"Mashaallah! Mke mwenzangu, maarifa haya ni ya kwako?"

Batuli alijaa furaha, lakini haikudumu. Harufu ya plastiki inayoungua ilienea chumbani. Mama, aliyekuwa akipika uani, aliingia mbio na mwiko mkononi, akazima swichi. Kitambaa kilikuwa kimebadilika rangi na kuwa kahawia, na balbu imekufa.

"Nani kafunga hiki?"

"Mimi ndiye niliyemtuma," bibi alidakia. "Usimguse mke mwenzangu."

Mama angemgombezaje mkwewe? Batuli aliona kabisa amepona. Lakini alipomwona mama akikikagua kile kitambaa kilichoungua, hakuweza kuvumilia.

"Si kweli, mama. Bibi hakunituma. Mina alisema taa hizi zinapofua watu, na mimi sitaki bibi aondoke."

Mama alikaa chini. "Ungetuteketeza, Batuli," alisema kwa sauti ndogo. "Lakini umesema kweli. Ungenyamaza, kesho ungefunga kingine."

Asubuhi mama alimpigia simu muuguzi. Aliambiwa kwamba jicho lililotoka kupasuliwa husumbuliwa na mwanga mkali kwa muda, kisha huzoea. Balbu za LED hazipofui mtu, ila bibi asizikodolee macho. Basi mama akanunua balbu ya mwanga wa manjano, yenye nguvu ndogo. Chumba kikapoa, lakini bibi aliyekaa mkekani bado taa ilimpiga usoni.

Wakati wa chakula, bibi alifunua wali. Badala ya kuliweka chini kawa la kufunikia chakula, la ukindu, alilolisuka mwenyewe, alilishika juu ya paji la uso. "Kuleni tu, mimi nina mwavuli wangu."

Wote walicheka isipokuwa Batuli. Mwanga ulipenya kwenye msuko ukamwagika shavuni mwa bibi punje punje, laini.

"Bibi, usilishushe! Mama, tulitundike pale juu!"

"Safari hii aje fundi," mama alisema.

Fundi Abdillah alizima umeme kwanza. Kisha alilining'iniza kawa chini ya balbu, mdomo juu, mbali nayo kiasi cha mkono mzima. Mwanga ukapanda darini, ukashuka umetulia.

"Huyu akimaliza shule mimi nitakosa kazi," fundi alisema, akakataa kuondoka mpaka aitazame taa ile tena.

Jumamosi ilifika. Bibi hakuuliza habari za basi. Aliuliza ukindu unapatikana wapi, maana chumbani nako kulihitaji kawa.

Mama aliwaita Batuli na Mina. "Akili ya Batuli naisifu mbele ya watu, na ukweli wake naupenda zaidi," alisema. "Lakini akili isiyouliza nusura ituchome. Sikilizeni, mkawaambie na wenzenu:

Usifunge kitambaa, karatasi wala plastiki kwenye balbu.

Usipake balbu rangi wala hina.

Usitundike kawa au kikapu karibu na balbu, na usitundike mwenyewe. Aitwe fundi.

Usinunue balbu kwa kutazama ukali wake tu. Uliza kama mwanga wake ni mweupe au wa manjano.

Usieneze habari ya ugonjwa uliyoambiwa bombani. Muulize muuguzi.

Usinyamaze ukikosea, hata kama kuna mtu mzima anayekufichia."