Shangazi Anayesema Peke Yake

Kila asubuhi nyumba ile iliamka kwa vishindo, kisha ikanyamaza. Mwalimu alikuwa wa mwisho kutoka. Alimwekea mumewe chupa ya chai, akaushika mkono wake na kumwonyesha kikombe kilipo, akamuaga. Mlango ukafungwa. Mumewe akabaki na kiti chake, meza yake na Shangazi.

Mume huyo watu walimwita Mhariri. Miaka mingi alifanya kazi katika kiwanda cha uchapaji. Alisoma kurasa kabla hazijachapwa, akiwinda makosa. Herufi moja ikikaa upande, yeye aliiona. Kisha macho yakaanza kumtupa mkono. La kushoto lilizimika kabisa. La kulia lilibaki na mwanga wa ukungu, kama anatazama kupitia pazia zito.

Shangazi hakuwa mtu. Alikuwa kompyuta ndogo, kamera juu ya kijiti, na spika. Ukiweka ukurasa chini ya kamera na kubonyeza kitufe, sauti ya mwanamke iliusoma. Sauti hiyo haikupanda wala kushuka, na haikuvuta pumzi. Watoto ndio waliompa jina, kwa sababu alisema hata mambo ya aibu bila kuona haya.

Mwalimu ndiye aliyemtengeneza. Shuleni alifundisha hesabu. Programu za kompyuta alijifunza mwenyewe wakati wa likizo. Hakuandika kila kitu. Alichukua vifurushi vitatu kutoka ghala la mtandaoni: kimoja cha kutambua herufi, kimoja cha kupanga mistari, na kimoja cha kutamka. Kifurushi ni kipande cha programu ambacho mtu ameshakiandika, akakiweka ghalani ili wengine wakitumie. Mwalimu aliviunganisha, na mumewe akasoma tena. Siku ya kwanza alisomewa gazeti zima, hadi matangazo ya vifo.

Adhuhuri moja Mhariri alikuwa ameketi, mikono juu ya magoti. Hapakuwa na ukurasa chini ya kamera. Hakubonyeza kitufe. Shangazi akasema:

"Chumvi imezidi leo."

Mhariri aligeuza kichwa. Alidhani mkewe amerudi, akamwita. Hakuna aliyeitika. Alipapasa meza, ilikuwa tupu. Ndipo alipokumbuka. Maneno yale yalikuwa yake mwenyewe. Aliyasema jana yake, wakati wa chakula.

Jioni alimweleza mkewe. Mwalimu aliweka kitabu chini ya kamera. Shangazi alisoma vizuri, akanyamaza. Mwalimu alisema labda mumewe alisinzia akaota. Mhariri hakubisha. Lakini siku zilizofuata mambo yalizidi.

"Nani ameacha dirisha wazi."

"Kikohozi hicho kinanitisha."

Yote yalikuwa maneno ya nyumbani, yaliyosemwa na mtu fulani katika vyumba vile vile. Sasa yalirudi kwa sauti moja, bila hasira wala kicheko, katika nyumba isiyo na watu. Na yalikuja adhuhuri tu, Mhariri akiwa peke yake.

Akaanza kuyapunguza maneno yake. Aliitikia kwa kichwa. Alimfunika Shangazi kwa taulo. Akitaka kumwambia mtu jambo, alimvuta hadi uani akamnong'oneza. Aliwasikia wanawe wakimwambia mama yao kuwa baba amebadilika. Naye akaanza kujiuliza kama macho hayakuondoka na akili.

Kisha ikaja adhuhuri nyingine.

"Usimwambie baba," Shangazi akasema, chini ya taulo.

Mhariri aliinama karibu na meza.

"Daktari amesema la kulia nalo linakwenda. Hakuna upasuaji wa kulirudisha. Mwache kwanza azoee."

Sauti ilikuwa ya Shangazi. Lakini "mwache kwanza" ilikuwa ya mkewe. Hivyo ndivyo alivyosema siku zote, juu ya mtoto anayelia, juu ya jirani aliyekasirika. Mhariri aliinua mkono upande wa dirisha, akakitafuta kivuli chake. Alikipata kwa shida.

Mwalimu aliporudi, alimkuta kwenye kiti kile kile. Mhariri alimwambia akae. Akayarudia maneno yote, neno kwa neno, kama alivyokuwa akisoma kurasa kiwandani.

Mwalimu alijibu kwa sauti ya chini.

"Hayo nilimwambia binti yetu. Tulikuwa wawili tu. Wewe ulikuwa bafuni, maji yanamwagika."

"Kwa hiyo ni kweli."

"Ni kweli. Nilikosa pa kuanzia. Nisamehe, mume wangu."

"La jicho tutalizungumza, mama. Lakini kwanza niambie. Kama mlikuwa wawili, wa tatu alikuwa nani?"

Mwalimu alitazama taulo lililofunika kamera. Alichomoa waya wa umeme, akatoka kwenda kumwita jirani.

Jirani huyo aliitwa Mama Pacha. Kazi yake ilikuwa kukagua programu za kampuni moja. Aliwasikiliza hadi mwisho na hakucheka. Aliuliza tu Shangazi alisasishwa lini. Mwalimu alisema ni siku chache kabla sauti hazijaanza. Kompyuta ilimwambia kuna matoleo mapya, naye akakubali.

"Ya vifurushi gani?"

"Vile vitatu. Navijua vyote."

"Hao ni wageni uliowaalika," Mama Pacha alisema. "Sasa tuwaone waliokuja nao."

Kwanza alikata mtandao, ndipo akawasha. Akafungua dirisha jeusi lisilo na picha, ambamo mtu huandika amri na kompyuta humjibu kwa maandishi. Humo akaita zana moja ndogo. Alimgeukia Mhariri, akamweleza kwamba kila kifurushi kina lebo, kama kopo la dukani. Lebo inataja jina la kifurushi, toleo lake na mtu anayekitunza. Pia inataja vifurushi vingine ambavyo bila hivyo hakifanyi kazi. Hivyo huitwa vitegemezi. Navyo vina lebo zao, na vitegemezi vyao. Zana ile husoma lebo zote, kisha huonyesha nani kamleta nani.

"Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone," alisema. "Lakini mgeni akija na mgeni wake, na huyo naye na wake, mwenyeji aulize majina."

Majina yakateremka, yakajaza kioo, yakaendelea. Mwalimu alikuwa amealika watatu, na nyumba ilikuwa imejaa asiowajua. Mama Pacha aliyasoma kwa sauti ili Mhariri asikie. Mhariri aliona kama mlango umeachwa wazi, na kila jina linaingia kimya kimya na kutafuta pa kukaa.

Karibu na mwisho Mama Pacha aliacha kusoma. Alikuwa amefika kwenye kifurushi kidogo, kilicholetwa na kile cha kupanga mistari. Kazi yake ilikuwa kufuta nafasi tupu mwishoni mwa mstari. Alilinganisha lebo ya toleo jipya na ile ya toleo la zamani, aliyoifungua ghalani kwa simu yake. Jina la mtunzaji lilikuwa limebadilika. Na toleo jipya lilidai kitegemezi ambacho la zamani halikuwa nacho, cha kurekodi sauti.

"Kufuta nafasi tupu," Mhariri alisema polepole. "Kunataka maikrofoni ya nini?"

"Ndilo swali lenyewe, baba."

Alikifungua, akakisoma ndani. Kamera ya Shangazi ilikuwa na maikrofoni ambayo Mwalimu hakuwahi kuitumia. Kifurushi kile kilisikiliza humo, kikageuza mazungumzo kuwa maandishi, na kila adhuhuri kikayatuma nje. Siku ambazo mtandao ulikatika, maandishi yalikosa njia. Yalirundikana mahali pale pale ambapo Shangazi huchukua maneno ya kusoma. Na Shangazi hachagui. Husoma anachokikuta.

"Na yule mtunzaji wa zamani?" Mhariri aliuliza. "Alikufa?"

Mama Pacha alipekua tena simu yake. "Yu hai. Alichoka. Kazi ya bure, ya miaka, na shukrani hakuna. Akatokea mtu wa kujitolea kumsaidia, akamkabidhi."

"Mtu gani?"

"Jina tu. Hakuna anayemjua."

Mwalimu alikuwa akikumbuka yote yaliyowahi kusemwa katika chumba kile.

Mama Pacha alisema kukiondoa kifurushi peke yake hakutoshi, maana haijulikani kimeacha nini. Wakafuta kompyuta yote, wakaanza upya. Wakabadilisha nywila zote za nyumbani. Wakaweka matoleo ya zamani yaliyokwisha kukaguliwa, na kuyafunga ili yasibadilike yenyewe. Kamera wakatafuta nyingine, isiyo na maikrofoni. Toleo jipya likija, kwanza zana isome lebo. Kipi kimeongezeka? Mtunzaji ni yule yule? Kinaomba kitu kisichohusu kazi yake? Jibu likikosekana, toleo lingoje nje. Kisha Mama Pacha akawaandikia wasimamizi wa ghala.

Kwa daktari walikwenda wawili, na Mhariri aliyasikia mwenyewe yote. Jicho lingezimika taratibu. Alirudi akaanza kujifunza kibodi kwa vidole, mwanga ungalipo. Dirisha jeusi lilimfaa kuliko mengine, kwa kuwa humo mlikuwa na maneno peke yake. Yeye aliandika amri, Shangazi akamsomea lebo. Siku moja alizuia toleo kwa sababu jina la mtunzaji lilikuwa limebadilika. Walipochunguza, wakakuta dada wa watu ameolewa tu. Nyumba nzima ilimcheka, naye akacheka pamoja nao, kwa sauti, mle mle chumbani.

Baadaye wasimamizi wakajibu. Walikuwa wamekiondoa kifurushi kile ghalani, lakini kilikuwa kimeshaingia katika mashine za kusomea za nyumba nyingi, hasa za wasioona. Aliyekuwa akisikiliza hawakumpata. Walitaja bibi mmoja kipofu, mjane anayeishi peke yake. Yeye hakulalamika hata kidogo. Kwake mtandao ulikatika karibu kila siku, na maneno aliyojisemea yalipomrudia, alidhani ni marehemu mumewe. Alikuwa akimjibu. Majibu hayo nayo yalirudi kesho yake, naye akayajibu tena. Wasimamizi walikuwa wamemweleza, lakini hakutaka kufuta chochote.

Mhariri aliomba azungumze naye. Waliuliza, na bibi akakubali. Mhariri alimpigia adhuhuri. Alimweleza habari za lebo, na mtunzaji asiyejulikana, na maneno yanayokwenda kwa watu baki. Bibi alimsikiliza hadi mwisho.

"Nilijua si yeye," alisema. "Marehemu hakuwa msemaji hivyo."

Nyuma yake, ndani ya nyumba ile ya mbali, sauti isiyovuta pumzi ikasema, "Umekula lakini?"

Bibi aliziba simu kwa kiganja. Hata hivyo Mhariri alimsikia akijibu, "Nimekula, baba watoto."

Mhariri alingoja. Bibi aliporudi kwenye simu, alimwambia kwa upole, "Mama, mzime kwanza. Chomoa waya."

Kisha akasikia hatua za mtu mzee zikiondoka, mkono ukipapasa ukuta, na kitu kikichomoka. Hatua zikarudi.

"Tayari," bibi akasema. "Sasa pako kimya kabisa."

"Nipo," Mhariri akasema. "Haya, mama. Umekula?"