Simu Inayolia Jiko la Chini

Nyumba ya Bernadeta na mumewe Kaz, mjini Toledo, Marekani, ina majiko mawili. La juu ni la kuonyesha wageni. La chini, chini ya ardhi, ndilo la kupikia. Mtaa wao ndivyo ulivyo. Asiye na jiko la chini huonewa huruma.

Nyumba waliinunua kwa mkopo wa benki. Jiko la chini wakalijenga kwa mkopo wa pili, nyumba hiyohiyo ikiwa dhamana. Kaz alikuwa akipata ovataimu kila wiki kwenye kiwanda cha vioo, kwa hiyo walijiona matajiri. Kisha ovataimu ikakatwa. Sasa ni miezi miwili hawajalipa, na simu ikilia, Kaz hutoka nje kuosha mashua yake ya kuvulia. Mashua inang'aa kuliko sahani.

Ijumaa moja jirani yao Loreta, wa ofisi ya ushauri wa nyumba, alikuja kusaidia kukunja pierogi, vifuko vya unga vya Kipoland vyenye viazi ndani, za kuuzwa parokiani. Simu ikalia. Bernadeta akaendelea kukunja, machozi yakimlengalenga.

"Hupokei?"

"Ni watu wa matangazo tu."

"Shoga yangu, mtu wa matangazo hakutoi machozi."

Bernadeta akalia kweli, mikono imejaa unga. Akasema hawajalipa miezi miwili, na anaogopa nyumba itapigwa mnada, nyumba aliyolelea watoto wake wote.

Loreta akamwita Kaz, akawaeleza wote wawili. Nyumba nyingi zinazopotea huanza hivi: marejesho yanakula zaidi ya theluthi ya kipato, ovataimu inahesabiwa kama mshahara, mkopo unapandishwa juu ya mkopo, na akiba hakuna hata ya mwezi mmoja.

"Lakini kinachowamaliza watu ni kunyamaza," alisema. "Mficha maradhi kifo humuumbua."

Kaz akasema atapiga simu akishapata pesa zote.

"Wote husema hivyo, Kaz. Benki itafanya nini na jiko lako? Inataka marejesho. Piga sasa, kabla hawajaenda mahakamani."

Akapiga, jasho likimtoka. Benki ikataka kuona kipato chao cha sasa. Baada ya wiki kadhaa ikakubali kuongeza muda wa mkopo, na malipo ya kila mwezi yakashuka. Mashua nayo ikauzwa. Kaz alinuna wiki nzima, lakini aliiuza. Fedha nyingi zilipunguza mkopo wa pili, zilizobaki wakaziweka akiba, na ovataimu ikirudi itakuwa ya akiba tu.

Juzi walikuwa tena jiko la chini, wanakunja pierogi na kutaniana. Simu ikalia. Kaz akafuta unga, akaikimbilia. Alisimama pale nusu saa akiitikia, "Ndiyo, mama. Sawa, mama."

Alipoikata, akamtazama mkewe.

"Ni mama yako," alisema. "Afadhali ingekuwa benki."

Bernadeta alicheka mpaka akakaa chini.