Hachoki Kwenye Barabara ya Mnara

Hachoki aliamka akiwa amechoka. Haukuwa uchovu wa kukosa usingizi, kwani alikuwa amelala mapema kuliko kuku. Miguu ilikuwa mizito, mdomo mkavu, na hata kuinua mkono ajipime mapigo ya moyo kulimtaka ajishauri kwanza.

Kujipima mapigo ilikuwa amri ya mwalimu wa michezo. Wasichana wanne wa timu ya shule, pamoja na mmoja wa akiba, walitakiwa kuweka vidole kwenye kifundo cha mkono kila asubuhi kabla ya kushuka kitandani, wahesabu kwa dakika moja. Wakifika shuleni walimtajia mwalimu idadi. Moyo ukipiga haraka kuliko kawaida wakati mtu bado amejilaza, mwalimu aliwaeleza, mwili wake haujapumzika vya kutosha, na siku hiyo hakimbii. Hakuwa na kipimo kingine. Alitegemea ukweli wao tu.

Hachoki aliitazama saa ya ukutani, akahesabu, akapata themanini na moja. Kawaida yake ilikuwa sitini na kitu. Alihesabu tena akitumaini moyo umebadili nia, lakini moyo haukuwa na habari naye.

Jina la Hachoki alipewa na baba yake, dereva wa lori, siku alipomwona akipanda kilima na ndoo ya maji kichwani huku anaimba. "Huyu mtoto hachoki," baba aliwaambia majirani, na mtaa mzima ukalidaka jina hilo. Msichana mwenyewe lilimpendeza mno. Shida ni kwamba jina zuri nalo linataka kutunzwa. Mtu anayeitwa Hachoki atamwambia nani kwamba amechoka?

Alipotoka chumbani alimkuta mama ameketi kwenye kibaraza, miguu ndani ya beseni la maji ya vuguvugu. Mama alikuwa dobi wa hospitali, na alikuwa amerudi sasa hivi kutoka zamu ya usiku, mikono yake imesinyaa kwa maji na sabuni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Leo nimechoka, nikiulizwa jina langu nitaomba nikumbushwe." Mama alimtazama vizuri. "Na wewe mbona macho yameingia ndani?"

"Mimi mzima, mama."

"Mzima gani huyo, chai yenyewe hunywi?"

Hachoki akanywa chai haraka haraka ili maswali yaishe, akaondoka.

Shuleni mwalimu aliwapanga kando ya uwanja, akamuuliza kila mmoja. Hachoki alijibu bila kupepesa macho: "Sitini na mbili, mwalimu."

"Vizuri sana. Na wewe?"

Aliyefuata alikuwa msichana wa akiba, ambaye wenzake walimwita Taratibu kwa sababu ya mwendo wake. "Sabini na tisa, mwalimu. Jana tulihama nyumba, nimebeba vyombo mchana kutwa."

"Basi leo kaa kivulini."

"Taratibu naye," Hachoki alisema, "huchoka hata kwa kupiga mswaki." Wenzake wakacheka. Taratibu akacheka pia, maana hakuwa mtu wa kuweka vitu moyoni, akaenda kukaa kivulini na chupa yake ya maji.

Wasichojua wenzake ni kwamba Hachoki hakuwa na siku ya kupumzika. Siku ambazo mwalimu aliagiza wakae nyumbani, yeye alikwenda kupanda na kushuka ngazi za tangi la maji la mtaa mpaka magoti yakatetemeka. Aliamini kwamba wenzake wakipumzika ndipo yeye anapowaacha. Mwanzoni kweli aliwaacha. Halafu, wiki baada ya wiki, kilima kile kile alichokipanda kwa wepesi kikaanza kuwa kirefu, naye badala ya kupunguza akaongeza.

Mashindano ya mbio ambayo timu ilikuwa ikijiandaa nayo hayakuwa ya mchezo. Barabara ya mnara ilianzia sokoni ikapanda mlima bila kutelemka hata mara moja, kona juu ya kona, mpaka kwenye mnara wa redio. Wakimbiaji wote wanne wa kila shule walitakiwa kufika juu kabla kengele haijagongwa na barabara kufunguliwa kwa magari. Akikosekana mmoja, timu nzima imetoka. Timu zitakazofika zingekwenda kwenye mashindano makubwa ya shule zote, na shule yao haikuwahi kwenda. Akiba angeweza kuingia mara moja tu, kwenye meza ya maji katikati ya njia, na ilikuwa lazima mkimbiaji mwenyewe aseme kwamba hawezi na akabidhi namba yake ya kifuani.

Asubuhi ya mashindano mwalimu aliuliza mapigo kwa mara ya mwisho. Hachoki akadanganya kwa mara ya mwisho. Kisha mwalimu na Taratibu wakapanda gari kwenda kusubiri kwenye meza ya maji.

Filimbi ilipolia, Hachoki alitoka mbele ya wenzake, kama alivyozoea. Kwenye kona ya kwanza walimfikia. Kwenye kona ya pili walimpita, na mmoja akamwambia, "Twende, Hachoki," akidhani ni mbinu tu ya kujiwekea nguvu. Haikuwa mbinu. Mapaja yalikuwa yanawaka, pumzi inaishia kooni, na lami ilikuwa imesimama mbele yake kama ukuta. Wakimbiaji wa shule nyingine wakampita mmoja mmoja. Hakuna aliyemcheka. Kila mtu alikuwa na taabu zake.

Alipofika kwenye meza ya maji alikuwa wa mwisho. Mwalimu alimpa kikombe. "Vipi, unaweza?"

"Naweza, mwalimu."

"Una hakika?"

"Mimi mzima."

Akaondoka. Alijikongoja mpaka mahali barabara inapokunja, akainua macho. Juu kabisa, mbali, waliko wenzake watatu, aliona fulana zao tatu za kijani zikipanda kwa shida. Walikuwa wamejiua kwa mazoezi miezi mingi, na sasa walikuwa wanakimbia bure, kwa sababu yeye hangefika. Alilijua hilo tangu alipofungua macho asubuhi. Juu alikuwa anasubiri baba, ambaye alikuwa ameomba ruhusa kazini na kuwaambia madereva wenzake wote kuhusu binti yake asiyechoka. Hachoki aliona aibu mpaka machozi yakamtoka.

Akageuka. Kushuka kurudi kwenye meza kulikuwa kufupi, lakini hakuwahi kutembea mwendo mgumu kama ule, huku watu waliosimama kando ya njia wakimtazama.

"Mwalimu," alisema, "nimechoka. Siwezi." Akaanza kufungua pini za namba yake. "Na mapigo nimekuwa nikikudanganya. Leo yalikuwa themanini na sita. Siku za kupumzika nilikuwa napanda ngazi za tangi."

Mwalimu alifumba macho kidogo. "Hayo tutayazungumza baadaye," alisema. "Taratibu, njoo."

Hachoki akambandikia Taratibu namba kifuani. "Nisamehe kwa maneno yangu," alimwambia.

"Mengine yalinichekesha kweli," Taratibu alijibu, akaondoka.

Muuguzi alimpakia Hachoki kwenye gari la huduma ya kwanza, lile linalomfuata mkimbiaji wa mwisho polepole. Mkimbiaji wa mwisho sasa alikuwa Taratibu. Kwa kona kadhaa Hachoki aliuona mgongo wake kupitia kioo cha mbele. Taratibu hakuongeza mwendo, hakupunguza. Kwenye kona moja aliwapita wasichana watatu wa shule nyingine, na gari likabaki nyuma likiwafuata hao. Hachoki hakumwona tena. Aliinamisha kichwa, akasubiri kengele.

Kengele iligongwa gari likiwa limebakiza kona moja. Walipofika juu, aliwakuta wenzake wamelala chini kwenye nyasi, wote wanne, na Taratibu katikati yao, mdomo wazi, hawezi hata kusema. Mwalimu, aliyetangulia kwa pikipiki, alimwangalia Hachoki akainua vidole vinne. Wamefika.

Baba alikuja mbio. "Hachoki wangu, kumetokea nini? Nimekusubiri weeee!"

"Nilichoka, baba." Akaanza kulia. "Nimechoka siku nyingi. Niliogopa kusema."

Mama, aliyekuwa amekuja moja kwa moja kutoka kazini, akamvuta binti yake wakaketi kwenye jiwe.

"Kule kwetu kazini," mama alisema, "kuna mwenzetu aliyeona aibu kusema amechoka. Alisinzia akiwa ameshika pasi. Mkono wake mpaka leo haukunjuki vizuri. Tangu siku hiyo, mtu akichoka tunataka aseme, mwingine ashike. Mimi nikisema nimechoka si kwamba nimeshindwa. Nafanya kazi hiyo miaka yote kwa sababu nasema."

Mwalimu alikuwa amesimama karibu, akisikiliza. "Mama yako amenimalizia maneno," alisema. "Kwenye mashindano makubwa hutakimbia, utapumzika mpaka niseme mimi. Umenidanganya, na mimi nikapanga kazi ya watu watano juu ya uongo huo. Mwili wako ulikuwa unasema kweli kila asubuhi, wewe ukawa unaunyamazisha. Anayefanya bidii hujua kupumzika, na akiulizwa hali yake husema ilivyo. Lakini leo umegeuka ukashuka mbele za watu. Ungeendelea, timu nzima ingekuwa imetoka."

Hachoki alitaka kujibu, "Ndiyo, mwalimu," lakini kichwa kilikuwa kimeshaegemea bega la mama. Baba akamvua viatu, akavishika mkononi, akawaomba watu wapunguze kelele kidogo, mtoto wake amelala.