Mtungi wa Babu Siddig

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Tasabihi alisugua mtungi wa marehemu babu yake, Siddig, na kuujaza maji. Ulikaa chini ya mwarobaini, kando ya barabara iendayo mji wa Shendi. Bibi yake, Sitana, ndiye aliyeuweka pale uwe sadaka ya mumewe. Mpita njia aliyekunywa alisema, "Mungu amrehemu mwenye mtungi," na Bibi aliyekaa mlangoni aliitikia kwa furaha.

Tangu mwaka wa kipindupindu, wanakijiji walikuwa na mapatano: kila mtungi wa barabarani ufunikwe, maji yachotwe kwa kata moja yenye mpini mrefu, na yatiwe dawa ya klorini kila siku. Mtungi usio na dawa hupinduliwa. Tasabihi hakuwahi kumwona mgonjwa hata mmoja, na kulinda mlango usiojiwa na mwizi kunachosha, tusidanganyane.

Ilipokaribia sherehe ya shule, mtandio wake mweupe ulikuwa umefubaa. Akaitazama chupa ya dawa, ambayo pia hung'arisha nguo nyeupe.

"Kwani hicho kipindupindu kiko wapi?" alijisemea, akaimimina yote kwenye beseni la kufulia.

Kesho yake mtungi ulijazwa maji matupu. Kabla hajapita mtu wa kunywa, akaja Khala Ihsan, yaani mama mdogo kama alivyoitwa kwa heshima, jirani aliyechaguliwa kukagua mitungi. Alichota maji kidogo, akatia kidonge cha kupimia. Maji yenye dawa hugeuka rangi ya waridi. Haya hayakugeuka.

"Sitana dada yangu, mbona hamkutia dawa?"

"Mjukuu wangu hutia kila siku. Labda niliiacha chupa juani, ikaisha nguvu. Ah, uzee huu!"

"Pole, dada. Lakini mapatano ni mapatano."

Ihsan akayamwaga maji, akaupindua mtungi. Mzee mmoja aliyepanda punda alipunguza mwendo, akauona, akapita bila kunywa wala kumwombea Babu. Bibi alijifuta machozi kwa ncha ya nguo yake. Tasabihi aliona aibu, na huruma ikamzidi.

"Bibi, si jua wala si uzee. Ni mimi. Dawa nimeng'arishia mtandio."

"Kumbe!" alisema Ihsan. "Nami nilipouona unavyong'aa nilitaka kukuuliza unatumia sabuni gani!"

Bibi hakucheka. "Babu yako alikunywa maji ya mtungi kama huu, safarini. Wenye mtungi ule walikuwa watu wema, lakini wema wao haukumwokoa na kipindupindu. Unauliza ugonjwa uko wapi? Uko nje, kwa sababu kila nyumba hapa inafunga mlango wake kila siku. Tukichoka, utaingia. Ila umesema kweli, mwanangu. Haya, lete mchanga tusugue."

Ihsan alileta chupa nyingine. Wakasugua, wakajaza, wakatia dawa na kungoja. Walipopima tena, maji yaligeuka waridi.

Mchana yule mzee wa punda alirudi kutoka sokoni. Alikunywa, akapangusa masharubu.

"Mungu amrehemu mwenye mtungi."

"Amina," Bibi aliitikia, mkono wake begani kwa Tasabihi. "Na amzidishie subira anayeyatia maji dawa."