Gobori Lililochelewa

Mwamuzi alikutwa chali kwenye nyasi za uwanja wa shabaha, filimbi bado iko shingoni. Risasi ya duara ilikuwa imempata chini ya bega la kushoto. Hatua sita kutoka pale, mwalimu mstaafu wa miaka sabini na mmoja alikuwa ameketi chini, gobori la marehemu baba yake mapajani.

Inspekta aliinama juu ya mwili. Harufu ya baruti nyeusi ilimrudisha miaka arobaini nyuma, uani kwa babu yake, alipokuwa akiruhusiwa kulivisha gobori fataki, kile kikofia kidogo cha kuwashia baruti, kisha akimbie kuziba masikio. Alijikaza, akarudi kazini.

"Waligombana wiki jana, afande," koplo alimnong'oneza. "Mwalimu alidai amepunjwa pointi. Kila mtu alisikia."

Inspekta alimgeukia mzee. "Mwalimu, una la kusema?"

"Nimemuua rafiki yangu. Andika hivyo."

"Kwa kukusudia?"

Mwalimu alimnyooshea gobori.

Inspekta alikwenda kutazama karatasi ya shabaha. Mwalimu alikuwa bingwa wa magobori kwa miaka tisa. Siku hiyo alikuwa amepiga mara mbili kabla ya risasi iliyoua. Tundu moja lilikuwa chini kushoto, la pili pembeni kabisa. Bingwa gani hupiga hivi?

"Ulisikia nini?" alimuuliza mama aliyekuwa mezani akiandika pointi.

"Nilisikia ta! Halafu kimya. Mwamuzi akamsogelea, akauliza, 'Limegoma?' Mwalimu akageuka kumjibu. Ndipo likalia bu!"

"Kimya cha muda gani?"

"Kama pumzi mbili hivi."

Kesho yake, kwenye maabara ya polisi, mtaalamu wa silaha alimwekea mezani kipande cha chuma kidogo kuliko ncha ya kidole. Kilikuwa kichuchu, pale fataki inapovishwa. Tundu lake, ambalo moto hupitia kwenda kwenye baruti, lilikuwa limezibwa nusu na kutu.

"Moto unafika kwa kusuasua," alisema mtaalamu. "Unafyatua, risasi inachelewa, mkono umeshahama. Hapo shabaha huna. Nikifunga kipya, risasi tano zinaingia ndani ya kiganja. Nikirudisha hiki, zinatawanyika. Moja ilichelewa sekunde mbili nzima."

"Ni cha zamani?"

"Sana. Kimechongwa kwa tupa, kwa mkono. Lakini grisi yake ni mbichi. Na aliyekikaza alitumia koleo ndogo mno."

Mdogo wake mwalimu alikuwa fundi saa, naye ndiye aliyelisafisha gobori kila mwaka. Inspekta alimkuta kibandani mwake, macho mekundu, hajagusa kazi.

"Kichuchu kipya kiko wapi?"

Fundi hakubisha. Alivuta droo, akakiweka juu ya meza.

"Ulitaka kaka yako ashindwe?"

"Hata kidogo, afande! Kile cha zamani ni cha baba. Nilikikuta kwenye kopo la vifungo vya mama, tulipokuwa tunahamisha vitu nyumbani. Alikichonga mwenyewe, mimi na kaka tukimshikia taa. Nikasema, acha gobori liwe kamili kama alivyoliacha, walau kwa shindano moja. Nilikizibua kwa sindano, nikaona kinatosha." Alikisukuma kichuchu kipya kuelekea kwa Inspekta. "Nilitaka kusikia ule mlio tena."

"Hukumwambia?"

"Nilitaka atambue mwenyewe."

Alitia sahihi maelezo yake bila kuyasoma. Kosa aliloandikiwa lilikuwa kuua bila kukusudia.

Jioni Inspekta aliyapeleka maelezo hayo mahabusu. Mwalimu aliyasoma taratibu, akavua miwani.

"Ulijua?" Inspekta aliuliza.

"Tangu risasi ya kwanza. Mtu hasahau mlio wa kwao. Ningeweza kuacha, afande. Nikaona raha, nikashindilia tena."

"Na ukanyamaza kumlinda mdogo wako."

"Usimbebeshe yeye. Baba alitufundisha, likigoma, mdomo wake ubaki mbele, hesabu hadi sitini. Mimi ndiye niliyegeuza mtutu."

"Kwa nini uligeuka?"

"Mwamuzi tulikua naye. Alikuwa akikaa uani kwetu siku nzima, akimsubiri baba apige. Aliponiita niligeuka nimwambie, 'Umesikia? Ni ule mlio wa baba.'"

Alifuta miwani kwa pindo la shati.

"Sikuwahi kumaliza."